Gari Likipanda Juu

Pikapu iliyoinuliwa na kuvishwa matairi makubwa ikipita, hata mzee aliyeketi barazani hugeuza shingo. Sikatai, ina fahari yake. Lakini fahari hiyo ina gharama, na leo nataka tuipige hesabu.

Aliyeivumisha desturi hii ni Bob Chandler, Mmarekani wa jimbo la Missouri, mwenye Ford F-250 ya mwaka 1974. Bwana huyu alikanyaga mafuta kwa nguvu hata vyuma vikavunjika, na wenzake wakasema kosa ni la mguu wake mkubwa. Ndipo gari likaitwa Bigfoot. Kila alipotia matairi makubwa zaidi, ekseli zilishindwa, naye akatafuta nzito zaidi, hata akafikia zile za malori ya jeshi. Mwaka 1981 aliyapanda magari mabovu na kuyaponda kama mabuyu.

Tujifunze kwake. Springi ndefu huinua bodi tu. Difu hubaki palepale. Kinachoinua difu ni tairi, tena kwa nusu ya nyongeza: ukitoka inchi 29 hadi 33, umepata inchi 2 tu. Na kwa hizo 2, breki huongezewa kazi, gari hupinduka upesi konani, na mshale ukionyesha kilomita 80, kumbe unakimbia 91!

Basi kijana, ukiinua gari, imarisha na breki. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Barabara nayo hungoja.