Somo la Sita: Kuhesabu Ukinzani na Nguvu ya Umeme

Leo kila mtu na awe na kalamu na karatasi karibu naye, kwa maana tutafanya hesabu. Msiziogope. Ni kuzidisha na kugawanya tu, na yeyote anayeweza kujumlisha bei ya nazi kumi sokoni ataziweza.

Katika somo lililopita tulijifunza vitu viwili. Cha kwanza ni volti, yaani msukumo wa umeme. Cha pili ni ampea, yaani wingi wa umeme unaopita katika waya. Tulitoa mfano wa pipa la maji lililowekwa juu: pipa likiinuliwa zaidi, msukumo huzidi; na maji yanayotoka bombani kila dakika ndiyo mfano wa ampea. Leo twaongeza kitu cha tatu. Maji yakipitishwa katika mpira mwembamba na mrefu hupata taabu ya kupita. Umeme nao hupata taabu kama hiyo, na taabu hiyo ndiyo tunayoiita ukinzani. Ukinzani hupimwa kwa omu.

Jina hili latokana na Bwana Georg Simon Ohm, mwalimu Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1789. Mwaka 1827 alitoa kitabu alichoeleza ndani yake uhusiano wa msukumo, mkondo na ukinzani. Wakubwa wengi wa elimu nchini mwake hawakukipokea vizuri. Ilipita miaka 14 kabla Royal Society ya London haijampa medali ya Copley, mwaka 1841. Na jambo lenyewe alilolisema ni fupi mno: gawanya volti kwa ampea, utapata omu.

Haya, tufanye hesabu. Chukua pasi ya umeme. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na pasi yako inavuta ampea 5. Andika 230, gawanya kwa 5. Jibu ni 46. Basi ukinzani wa pasi hiyo ni omu 46.

Sasa twataka kujua nguvu yake. Nguvu ya umeme hupimwa kwa wati, jina la James Watt, yule Mskoti wa mashine za mvuke. Hapa hatugawanyi, twazidisha: 230 mara 5 ni 1,150. Pasi yako ni ya wati 1,150. Tena iko njia nyingine ya kufikia jibu lilo hilo. Zidisha ampea kwa ampea, kisha zidisha kwa omu: 5 mara 5 ni 25, na 25 mara 46 ni 1,150. Ishike sana njia hii ya pili, kwa kuwa ndiyo itakayotuonyesha hatari.

Pengine utauliza, nitazijuaje ampea nami sina kipimo? Pindua chombo utazame kibandiko chake. Wati na volti zimeandikwa hapo. Gawanya wati kwa volti, utapata ampea. Birika la umeme lililoandikwa wati 2,070 kwa volti 230 linavuta ampea 9. (Hesabu yetu ya omu yafaa kwa vyombo vya kutia moto, kama pasi, birika na jiko. Vyombo vyenye mota, kama friji na feni, vina mambo yao. Msivitie katika hesabu ya leo.)

Sasa sikilizeni vizuri. Tuseme nyumbani kwako uko waya wa kuongezea, ule ambao watu huuita ekstensheni. Ulikatika siku moja, mtu akausokota kwa vidole na kuufunga utepe. Kiungo hicho kibaya kina ukinzani wa nusu omu tu. Nusu omu ni kitu gani mbele ya omu 46 za pasi? Lakini umeme ukipita penye ukinzani hutoa moto, wala hauulizi kama ukinzani huo umo ndani ya pasi au chini ya mkeka.

Ukitumia pasi peke yake, kiungo kinapitisha ampea 5. Hesabu: 5 mara 5 mara nusu ni wati 12 na nusu. Kitapata joto, na labda hutalitambua. Kisha mwenzako anachomeka birika katika waya ule ule. Ampea 5 na ampea 9 ni 14. Hesabu tena: 14 mara 14 ni 196, na nusu yake ni 98. Umeme haukufika mara tatu, lakini moto wa kiungo umezidi karibu mara nane! Karibu wati 100, sawasawa na ile taa ya zamani ya wati 100 isiyoshikika kwa kidole, zimekusanyika mahali padogo kama punje ya hindi. Utepe huyeyuka, kisha huwaka.

Wala usitumaini fyuzi. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki papo hapo kwa ampea 14. Yaweza kuvumilia muda mrefu. Tena fyuzi haina habari ya kiungo chako kibaya, inajua ampea tu. Na yule anayetia kipande cha waya au msumari mahali pa fyuzi ameondoa hata ulinzi huo mdogo.

Ukinusa mpira unaoungua, zima swichi kwanza, kisha ndipo utafute. Waya uliokwisha kuungwa namna hiyo utupwe, ununuliwe mwingine mzima.

Hesabu ya nyumbani ni hii. Jiko la umeme limeandikwa volti 230, wati 1,840. Linavuta ampea ngapi? Ukinzani wake ni omu ngapi? Na kama waya wake una kiungo cha robo omu, kiungo hicho kinatoa wati ngapi? Majibu tutayasoma mwanzoni mwa somo la saba.