Ung'ongo au Nyoka? Sayansi ya Kuzihoji Fikra Zako

Mtu akionekana ana msongo, ushauri wa kwanza anaopewa ni huu: usiwaze sana. Anaupata kwa jirani, kwa shemeji, hata kwa kondakta aliyemwona kainamisha kichwa kiti cha nyuma. Unatolewa kwa nia njema na haufanyi kazi.

Kwa nini haufanyi kazi, hilo lilionyeshwa mwaka 1987 huko Texas, Marekani. Mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaketisha wanafunzi wa chuo mmoja mmoja mbele ya kinasa sauti. Kila mmoja aliambiwa aseme lolote linalompitia akilini kwa dakika 5, ila asimfikirie dubu mweupe. Akimfikiria, agonge kengele. Kengele ziligongwa zaidi ya mara moja kwa dakika. Kisha wakaambiwa ruksa, sasa mfikirieni. Wale waliokuwa wamekatazwa wakamfikiria dubu zaidi kuliko hata wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo.

Wegner alieleza kwamba ili akili ihakikishe kuwa hulifikirii jambo, inabidi ilikague, na ikilikagua tayari imelirudisha. Ndiyo maana mtu anayejikataza usiku kucha asiwaze ada ya mtoto huamka na ada ileile kichwani, sasa ikiwa na usingizi mbovu juu yake.

Kama fikra haifukuziki, ifanyweje? Jibu lililochunguzwa kuliko mengi lilitoka kwa daktari wa magonjwa ya akili, Aaron Beck wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, aliyefariki mwaka 2021 akiwa na miaka 100. Beck alifundishwa katika mkondo wa Freud, mwasisi wa uchambuzi wa nafsi, ambako ilisadikiwa kwamba sonona ni hasira ambayo mgonjwa ameigeuzia nafsi yake bila kujua. Akataka kulithibitisha hilo kwa kuchambua ndoto za wagonjwa. Hasira hakuiona. Alichokiona ni watu wanaoshindwa, wanaoachwa, wanaopoteza, ndotoni kama walivyojiona mchana.

Kuna kisa alichopenda kukisimulia. Mgonjwa mmoja wa kike alikuwa akimweleza mambo yake ya faragha, huku akionekana ana wasiwasi. Daktari akampa maelezo ya kitabuni: una wasiwasi kwa sababu ya mambo haya unayoyasimulia. Mama yule akasema hapana, muda wote alikuwa akiwaza kwamba anamchosha daktari. Beck alipowauliza wagonjwa wengine akakuta kila mmoja ana mkondo wa pili wa fikra, wa haraka, mfupi, unaopita chini ya maneno anayoyatamka: ananiona mjinga, nimeharibu tena, sitapona. Fikra hizi hujitokeza zenyewe bila kuitwa, na mwenyewe huziamini kwa sababu hajawahi kuzisimamisha aziulize zimetoka wapi. Mwaka 1963 alichapisha uchambuzi wake wa namna wagonjwa wa sonona wanavyofikiri, na humo ukazaliwa msingi wa tiba inayolenga fikra na matendo.

Makosa ya kufikiri aliyoyaona yanajirudia kwetu sote, wagonjwa na wazima. Tunajifanya tunasoma mawazo ya mwenzetu. Tunatabiri baya kabla halijatokea. Tunaona ama mafanikio kamili ama kushindwa kabisa, katikati hakuna kitu. Tunapewa sifa tisa na lawama moja, tunarudi nyumbani na ile moja. Na lililo la kawaida kuliko yote ni kufanya tukio moja kuwa sheria ya maisha. Wahenga walilijua hili kabla ya maabara yoyote waliposema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu huutaja msemo huo kumcheka mwoga. Mimi nauona ni maelezo sahihi ya kazi ya ubongo: kushtuka ni haraka, kutazama ni polepole, na aliyewahi kuumwa hana sababu ya kuona aibu kwamba alishtuka. Swali ni kama baada ya kushtuka aliinama akatazama.

Tutazame basi. Chukua mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, tuseme yuko Morogoro. Jumamosi saa moja na nusu usiku simu inalia, ujumbe wa mwalimu mkuu: "Jumatatu saa 2 tuonane ofisini." Hakuna salamu, hakuna sababu. Mwalimu anasoma mara tatu. Kuna jambo. Wameshanisema. Nahamishwa. Watoto watasoma wapi? Hadi Jumapili mchana, akiwa anachambua mchele, kichwani ameshafunga mizigo na kuhamia wilaya asiyoijua, nyumba haina umeme, mtoto wa mwisho anaumwa. Mumewe anamwambia, "Mama Neema, si umpigie tu umuulize?" Hathubutu.

Kazi ya kuihoji fikra kwa daftari inaanzia hapo, na ninasisitiza daftari kwa sababu kichwani fikra hukimbia na kubadilisha nguo. Anaandika tukio peke yake, kama kamera ingeliona: ujumbe wa maneno matano. Chini yake anaandika ile fikra inayouma zaidi, bila kuipamba: "Nahamishwa." Pembeni, hofu: 90 kati ya 100. Halafu inakuja sehemu ambayo wengi huiruka, ushahidi wa kuunga mkono. Anatakiwa autafute kwa haki. Upo: maandalio ya somo ya wiki mbili hajayapeleka kukaguliwa. Mwalimu mkuu Ijumaa alipita karibu naye hakutabasamu.

Kisha ushahidi wa kupinga. Uhamisho wa mwalimu wa serikali una taratibu zake na hupitia halmashauri, hautangazwi kwa ujumbe wa Jumamosi usiku. Mwalimu mkuu huyu hamwandikii mtu salamu, meseji zake zote kwenye kundi la walimu ni kama telegramu. Na muhula uliopita alimwita vivi hivi, kumbe alitaka ampangie zamu ya kusimamia mtihani.

Mstari wa mwisho ni fikra mpya inayobeba pande zote mbili: "Huenda ni maandalio. Nitasemwa, na nitakuwa nimestahili. Sihami." Anapima tena hofu: 40. Haikushuka hadi sifuri, na haikukusudiwa ishuke. Inatosha kwa mtu kumaliza kuchambua mchele na kuketi ayaandike hayo maandalio. Jumatatu anaambiwa ni kweli, ni maandalio.

Nimeuchagua mwisho huo kwa makusudi. Mifano ya aina hii katika vitabu vingi huishia na bosi anayempa mhusika zawadi, na msomaji anabaki akidhani kuhoji fikra ni kujiambia mambo mazuri. Hapana. Mwalimu yule alikuwa na kosa na daftari ndilo lililomwonyesha. Alichokipoteza ni zile ngazi nne alizozipanda kutoka kosa dogo hadi mtoto anayeumwa ugenini.

Hapa ndipo ninapoachana na wahamasishaji wa majukwaani na kauli yao ya "fikiri chanya". Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, pamoja na wenzake, walichapisha majaribio ambamo watu walitakiwa kujiambia mara kwa mara kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wakijiamini tangu hapo walifarijika kidogo. Waliojidharau walitoka wakijisikia vibaya kuliko wenzao wa aina yao ambao hawakujiambia lolote. Inaeleweka. Mwambie mtu anayejiona hafai kwamba anapendeka, na upesi ataanza kukuhesabia waliomwacha. Fikra iliyokosa ushahidi haiponywi na nyingine iliyokosa ushahidi, hata ikiwa tamu.

Je, mambo haya ni ya wenye nafasi ya kulipia daktari na kochi? Jaribio ambalo hunijibu swali hilo vizuri lilifanyika vijijini Rawalpindi, Pakistani, na kuchapishwa mwaka 2008. Daktari wa magonjwa ya akili Atif Rahman na wenzake waliwachukua wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wa palepale kijijini wenye elimu ya sekondari, wakawapa mafunzo mafupi ya tiba ya fikra. Wanawake 903 wajawazito wenye sonona walihusika. Hakuna aliyeambiwa anatibiwa akili. Waliambiwa mazungumzo ni kwa ajili ya ukuaji wa mtoto, jambo ambalo mama mkwe hawezi kulipinga. Mhudumu alikuja na michoro, wakaitazama pamoja na mama: fikra hii inakufanya ufanye nini, na ipi nyingine inawezekana? Mama aliyeamini mwanawe amepangiwa udhaifu, hakuna la kufanya, alisaidiwa kuipima imani hiyo na kulijaribu jambo dogo kabla ya ziara inayofuata.

Mtoto alipofika miezi 6, kina mama waliobaki na sonona katika kundi lililopata tiba walikuwa asilimia 23. Katika kundi la kulinganisha walikuwa asilimia 53, na hao pia walitembelewa nyumbani na wahudumu idadi ileile ya mara. Kwa hiyo haikuwa nguvu ya kutembelewa tu. Shirika la Afya Duniani baadaye lilitoa mwongozo kutokana na kazi hiyo.

Karibu nasi zaidi, jaribio lililochapishwa mwaka 2020 liliwafuatilia watoto yatima 640 wa Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, mjini na vijijini katika kila nchi, yaani maeneo manne. Watoa ushauri hawakuwa wataalamu wa akili. Walifundishwa kuendesha tiba ya fikra kwa vikao 12 vya kundi pamoja na vichache vya mtoto mmoja mmoja. Katika tiba ya namna hii mtoto husaidiwa kuisema fikra aliyoificha, na kwa yatima mara nyingi ni ya kujilaumu: laiti ningemletea maji, laiti nisingemkasirisha, mama angekuwa hai. Fikra kama hiyo mtu mzima wa nyumbani hana habari nayo, maana mtoto aliambiwa jikaze, usilie. Vikao vilipomalizika, waliopata tiba walikuwa na nafuu zaidi katika maeneo matatu kati ya manne. Mwaka mmoja baadaye tofauti ilibaki Kenya, ilhali Moshi watoto ambao hawakupata tiba hiyo nao walikuwa wamewafikia wenzao. Watafiti walihisi kwamba tiba husaidia zaidi pale maisha yanapombana mtoto zaidi. Kwangu matokeo yasiyonyooka namna hiyo yanaaminika kuliko yale ya kumsaidia kila mtu kila mahali.

Sasa tuseme kuhusu nyoka halisi. Mama aliyechukua mkopo wa riba kubwa, ule uitwao kausha damu, ambaye wiki hii hana rejesho, anawaza kwamba watakuja kubeba friji. Ukimtaka aihoji fikra hiyo unamkosea adabu: watakuja, na watabeba. Swali lake halihusu ukweli wa fikra. Anahitaji kujua nani wa kuongea naye kabla ya Ijumaa, kipi kiuzwe kwa bei yake badala ya bei yao, na rejesho gani linaweza kugawanywa. Mshauri mzuri huuliza kwanza kama hili ni tatizo la kutatuliwa au ni tafsiri ya kupimwa. Mara nyingi yamo yote mawili. "Watabeba friji" ni tatizo. "Mimi ni mama nisiye na maana" ni tafsiri, tena inayomnyima nguvu ya kushughulikia lile la kwanza.

Na ipo fikra ambayo haisubiri daftari. Mtu anayewaza kujiua, au ambaye kwa zaidi ya wiki mbili hali, halali na hana hamu ya chochote, apelekwe hospitali, na asiachwe aende peke yake.

Nimalizie na utafiti uliowatia tumbojoto wafuasi wa Beck wenyewe. Mwaka 1996 Neil Jacobson wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle aliigawa tiba hiyo vipande. Wagonjwa wa sonona wa kundi moja walipewa tiba nzima pamoja na kuhoji fikra. Wa kundi jingine walipewa kipande cha matendo tu: panga jambo la leo, lifanye, rudi kwenye yale uliyoyaacha. Waliofanya matendo peke yake walipata nafuu sawa na wenzao. Wataalamu bado wanabishana maana yake ni nini. Dhana ninayoikubali ni kwamba tendo nalo hukusanya ushahidi, tena ambao akili haiwezi kuupindisha kirahisi ikiwa imelala kitandani.

Kwa hiyo asiyependa kalamu si lazima ajilazimishe. Aoge, avae, aende kwenye kikao cha kikoba alichokikacha kwa kuwaza kwamba wenzake wanamsema. Huenda akakuta wanamsema kweli, ila ni kwa faini ya utoro ambayo hajailipa.