Mikroskopi ndani ya ordinatere: watoto wa labo wajifunze kuona kweli

Siku moja mangaribi, hapa kwetu Mikelenge, binti yangu alirudi toka masomo, akatupa kaye juu ya meza, akanyamaza. Anasoma kazi ya labo. Nikamuuliza walifundishwa nini. Akasema walionyeshwa mikrobe ya kifua kikuu. Darasa nzima, mikroskopi moja. Kila mwanafunzi anainama, anatia jicho, nyuma wenzake wanasukuma, mwalimu anauliza: "Umeona?" Unaitika, unatoka.

— Na wewe uliona?

— Papa, mi nilisema tu ndiyo. Kumbe niliona kivuli cha kope zangu.

Nilicheka kwanza. Halafu usiku usingizi ukakataa. Juu huyu mtoto, kiisha miaka kidogo, ndiye atasoma makohozi yetu sisi wachimbaji.

Bandugu, vumbi ya shimo mnaijua. Ile ya jiwe lenye silika inaingia kwenye mapafu, inakaa humo, inayakausha pole pole. Ndiyo ugonjwa wanaita silikozi. Mapafu yaliyoguswa vile, kifua kikuu kinayakamata upesi kuliko ya mtu mwingine. Ndiyo maana mtu wa shimo akikohoa juma mbili, sisi wa sendika tunamsukuma aende kupimisha makohozi. Dawa ni bure, anameza miezi 6. Lakini mambo mengi bado yanategemea jicho la mtu mmoja aliyeinama kwenye mikroskopi.

Na kazi ya lile jicho si ndogo. Makohozi wanayapaka kwenye kioo kidogo, ile « lame », wanaweka rangi: mikrobe inabaki nyekundu, nyuma yote bluu. Halafu wanatazama na mafuta, sehemu kwa sehemu. Kabla ya kuandika "hakuna", inafaa kupita sehemu 100. Tena lazima mikrobe ziwe karibu 5.000 mpaka 10.000 katika mililita moja ya makohozi ndiyo mtu aanze kuziona. Aliyechoka, ao ambaye hakuziona vizuri masomoni, atapita sehemu 20 na kuandika "hakuna". Mwenzetu mmoja wa shimo aliandikiwa hivyo mara mbili, mahali ambapo sitataja. Mara ya tatu, kwingine, walikuta nyekundu tele. Wakati ule watoto wake wawili walikuwa wameanza kukohoa.

Wengine wataniambia: siku hizi kuna mashini ya Xpert, inapima yenyewe. Ni kweli, na mahali iko, mtu aitumie. Lakini mashini ile haitofautishi mikrobe iliyokufa na iliyo hai. Kwa hiyo kufuata mgonjwa anayemeza dawa, kujua kama anapona, tunarudi kwenye mikroskopi. Na malaria je? Na minyoo ya tumbo?

Sasa kuna njia ya kufundisha inaitwa mikroskopi virtuele. Mashini inapiga lame yote picha, vipande maelfu, kisha inaviunganisha kuwa picha moja kubwa sana. Mwanafunzi anaifungua kwenye ordinatere, anasogeza, anakuza, anapunguza, sawa vile unatafuta barabara kwenye karte ya telefone. Mwalimu anaweka mshale: hii hapa. Wanafunzi 60 wanaona kitu kimoja, saa moja. Picha haivunjiki, rangi haifi, na mtoto anaweza kuirudilia nyumbani mara kumi. Iniversite ya Iowa, Marekani, ilianza kufundisha namna hii mwanzo wa miaka ya 2000.

Si mambo ya Wazungu peke yao. Kinondo, kijiji cha pwani ya Kenya, kuna hospitali ndogo, Kinondo Kwetu. Mwaka 2018 na 2019 walichukua lame za wanawake 740, kutafuta dalili za kansa ya mlango wa uzazi. Walizipiga picha hapo hapo na mashini ndogo ya kubebwa, wakazituma kwa rezo ya telefone, wataalamu wa mbali wakazisoma. Pale ilikuwa kupima, si kufundisha, lakini njia ni ile ile.

Na Maniema yetu si mgeni wa mikroskopi. Waganga wawili wa shule ya Liverpool, Dutton na Todd, walipita hapa kwetu, wakatambua kwamba kupe, ile tunaita kimputu, ndiyo inapitisha homa inayorudi-rudi. Dutton alishikwa na homa ile ile, akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, na miaka 30. Mikrobe ile inaitwa mpaka leo kwa jina lake. Yale waliyoona yalichapwa Uingereza. Mtoto wa Kasongo anayesoma udaktari leo, nani amemwonyesha mikrobe ya kwao?

Hata waganga wa nyama wanafaidika. Wazimu wa mbwa, alama zake kwenye ubongo zilionwa na Negri mwaka 1903. Hakuna mwalimu mwenye akili atawapa wanafunzi ubongo wa mbwa mwenye wazimu waguse-guse. Picha haiumi mtu.

Lakini tusidanganyane. Picha haifundishi mkono. Kupaka makohozi vizuri, kuweka rangi kwa dakika zake, kusafisha lenzi, hayo ordinatere haitayafanya. Tena picha nyingi ni za bapa: tone nene la damu ya malaria lina kina, linataka ufuate juu na chini, na mashini lazima ipige tabaka kadhaa, picha inakuwa nzito. Kwa hiyo mikroskopi ya kweli ibaki, na ziongezwe.

Intaneti? Mega ni bei, umeme unajulikana. Lakini picha hizi zinakopiwa kwenye diski, zinafunguliwa bila rezo. Ndiyo maana kwenye mkutano wetu nimeomba kwamba sehemu ndogo ya michango inunue diski na ordinatere moja ya watoto wa wachimbaji wanaosoma labo na udaktari. Muzee mmoja alisimama: "Sisi tunaomba koti na kofia za shimo, wewe unatuletea sinema?" Hakukosea kukasirika, kofia bado tunazidai. Tumeachana bila kukata shauri, tutarudi tarehe ya mkutano ujao.

Wakati tunangoja, kijana mmoja anayesomea udaktari alinikopia picha kidogo. Tulizifungua nyumbani, mimi na binti. Akasogeza, akasogeza, akasimama. "Papa, tazama." Kakamba kembamba, kekundu, kama uzi uliochomoka kwenye mfuko. Mimi pia nilikaona. Akaanza kuhesabu sehemu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Alifika 64, batri ikaisha.