Maumivu ya Hedhi: Chanzo Chake na Namna ya Kuyatuliza

Katika shule nyingi za sekondari wamo wasichana ambao kila mwezi hukosa siku moja au mbili za masomo kwa sababu ya tumbo. Mwalimu asiyeelewa hudhani ni uvivu. Na msichana mwenyewe, kwa haya, huomba ruhusa akisema ana malaria. Hasara yake ni mara mbili: masomo hupotea, na maradhi yasiyokuwapo hutibiwa ilhali maumivu yaliyopo huachwa yalivyo.

Watu wengi huyaita maumivu hayo chango, neno ambalo pia ni jina la mnyoo wa tumboni. Lakini mnyoo hauhusiki hapa, wala utumbo si chimbuko la maumivu. Kinachouma ni msuli wa mfuko wa uzazi.

Yai likisha kutoka katika ovari, homoni iitwayo projesteroni hutayarisha utando wa ndani ya mfuko huo ili upokee mimba. Mimba isipotungwa, kiasi cha projesteroni hushuka, na seli za utando huo huanza kubomoka. Zinapobomoka, mafuta yaliyomo katika kuta zake hugeuzwa kuwa kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo zina kazi yake: huukaza msuli wa mfuko wa uzazi ili utando utoke, na huibana mishipa ya damu ili damu isimwagike kupita kiasi. Zikizidi, msuli hukaza kwa nguvu nyingi na kwa muda mrefu hata damu ikashindwa kuufikia. Msuli unaofanya kazi bila ya kupata oksijeni huuma. Mtu aliyebanwa mkono kwa kifaa cha kupimia shinikizo la damu, kisha akaambiwa akunje na kukunjua vidole mara nyingi, ameonja kidogo maumivu ya namna hiyo. Sehemu ya kemikali hizo huingia katika damu na kuyafikia matumbo, na ndiyo maana wengine huharisha, hutapika au huumwa kichwa siku hiyo hiyo.

Hapa pia pana jibu la jambo linalowashangaza wazazi. Msichana akivunja ungo huweza kukaa miezi mingi, hata mwaka mmoja au miwili, bila ya kuumwa, kisha maumivu yakamwanza. Sababu ni kwamba mizunguko ya mwanzo mara nyingi hupita bila ya yai kutoka. Na yai lisipotoka, projesteroni haiongezeki.

Maarifa haya hayakupatikana kwa siku moja. Mnamo 1935 Ulf von Euler wa Sweden alizipa prostaglandini jina hilo akidhani kwamba hutoka katika tezi ya kiume iitwayo prostata. Mwaka 1957 V. R. Pickles, nchini Uingereza, alieleza kwamba damu ya hedhi ina kitu kinachokaza misuli. Mwaka 1971 John Vane akaonyesha kwamba asprini huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini. Naye alikuwa mmoja wa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1982.

Ugunduzi huo wa Vane ndio unaoeleza kwa nini wakati wa kumeza dawa ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Dawa za jamii ya ibuprofeni hukifunga kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini. Haziziondoi prostaglandini zilizokwisha kutengenezwa. Msichana anayevumilia hadi saa sita mchana, akaimeza dawa amekwisha kujikunja kitandani, ameizuia mvua akiwa amekwisha kulowa. Yafaa aanze mara damu inapoonekana, au maumivu yanapoanza kunyemelea, na aendelee kwa siku mbili au tatu za mwanzo. Aliyetimiza miaka 12 huweza kutumia miligramu 200 hadi 400 baada ya chakula, mara tatu kwa siku, bila ya kupita miligramu 1,200 kwa siku pasipo ushauri wa daktari. Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, pumu inayochochewa na asprini, au anayeweza kuwa mjamzito, asiitumie bila ya kumwuliza mganga. Parasetamoli hufaa, ingawa nguvu yake ni pungufu. Asprini isitumiwe na walio chini ya miaka 16.

Asiye na dawa hakosi la kufanya. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa na kuwekwa chini ya kitovu hutuliza sana. Majaribio yameonyesha kwamba joto la kiasi cha nyuzi 39 huweza kukaribia ibuprofeni kwa uwezo. Mazoezi ya mwili ya mara kwa mara husaidia pia. Unga wa tangawizi nao umepunguza maumivu katika majaribio kadhaa, kwa hiyo bibi anayemchemshia mjukuu wake tangawizi hakosei. Kuoga maji baridi, kwa upande mwingine, hakudhuru lolote.

Wapo wanaosumbuka kabla ya damu kutoka: matiti huuma, tumbo hujaa, hasira huja upesi, machozi huwa karibu. Homoni zao hazizidi za wengine. Ubongo wao ndio unaoitikia zaidi mabadiliko ya kawaida. Usingizi wa kutosha na mazoezi hupunguza taabu hiyo, na madini ya kalsiamu, yaliyomo katika maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, yameonekana kusaidia.

Daftari dogo linatosha kuandika tarehe za hedhi, siku za maumivu na ukali wake. Baada ya miezi mitatu msichana huweza kukadiria siku ya kuwa na dawa mfukoni, hasa mitihani inapokaribia. Daftari hilo hilo apeleke kwa daktari iwapo maumivu yanazidi mwezi hadi mwezi, yanaendelea damu ikiisha kukatika, yanaambatana na homa au uchafu wenye harufu, damu ni nyingi mno, au dawa iliyotumiwa sawasawa kwa miezi mitatu haikufaa. Huenda chanzo kikawa kingine, kama vile uvimbe, maambukizo, au endometriosi, ambapo chembe zinazofanana na utando wa mfuko wa uzazi huota nje yake. Endometriosi huwapata hata wasichana wa shule, na mara nyingi huchukua miaka kabla ya kutambuliwa, kwa kuwa mgonjwa ameambiwa avumilie tu hadi atakapozaa.