Bomba la Kupumulia Tangi (3): Mvua ya Ghafla Mweru

Sehemu zilizopita zilihusu presha inayotaka kutoka: boila, vali ya usalama, na bomba la kupeleka mvuke nje. Leo tugeukie upande wa pili. Tangi la mafuta halihitaji kulipuka ili liharibike. Hewa ikikawia kuingia, linabonyea na kujikunja. Mahali pazuri pa kuupigia hesabu mkasa huo ni Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru, Zambia. Dizeli ya nchi hiyo husafiri kwa bomba la TAZAMA, kilomita 1,710, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Kuanzia hapo ni kazi ya malori.

Katika miezi ya masika, kuanzia Novemba hadi Aprili, jua huchoma bati la tangi, kisha mvua humwagika kwa kishindo. Tuseme hewa iliyo juu ya mafuta ina nyuzi 45 za Selsiasi, ikapoa hadi 27. Ingetaka kusinyaa kwa karibu asilimia 6. Bomba la kupumulia likiwa limeziba, ujazo haubadiliki. Presha ndiyo inayoshuka. Mweru iko mita 920 hivi juu ya bahari, kwa hiyo presha ya hewa ni kilopaskali 91 tu, wakati Dar es Salaam ni 101. Asilimia 6 ya 91 inapita kilopaskali 5. Sasa linganisha: kiwango cha Uingereza cha BS 2654 kililipa tangi lisilo la presha uvumilivu wa ombwe la milibaa 2.5, yaani paskali 250. Tumevuka mpaka mara ishirini!

Ukubwa wa bomba tunaupataje? Chukua tangi la mita za ujazo 100. Kanuni ya zamani ya Marekani, API 2000, kwa matangi ya kiasi hiki hudai hewa mita za ujazo 0.17 kwa saa kwa kila mita ya ujazo wa tangi, kwa ajili ya kupoa peke yake: jumla 17. Pampu ikivuta dizeli mita za ujazo 60 kwa saa, ongeza 60, maana mvua haingoji lori lijae. Jumla ni 77.

Bomba la milimita 50, urefu mita 6, lenye viwiko viwili na wavu mdomoni, litapoteza karibu paskali 480 kupitisha hewa hiyo. Tangi limekwisha. Weka milimita 80, hasara inashuka hadi 65 hivi. Fundi aliyeokoa fedha kwenye kipenyo ameipoteza kwenye tangi, na mimi sioni kwa nini mtu abane hapo, kwani bomba ni kitu rahisi kuliko vyote uwanjani.

Hesabu hiyo inadhani wavu ni safi. Nyigu hupenda kujenga viota vya udongo kwenye midomo ya mabomba, na wavu wenye matundu madogo mno hushika vumbi. Kwa dizeli, wavu wa matundu mapana unatosha. Petroli ni habari nyingine: wakati wa kujaza, mvuke wake huongezeka, na bomba lile lile lazima lipitishe takriban mara mbili ya kiasi kinachoingia. Tutaipigia hesabu yake wiki ijayo.