Dhahabu haivunjiki! Nilivyopigwa Sh4,000 kwa jiwe linalong'aa

Kijiwe chenyewe kilikuwa kidogo kuliko kiberiti, lakini kwenye jua ungeapa ni dhahabu. Jamaa aliyeniuzia kando ya barabara huko Migori alidai ana shida ya karo, ndiyo maana ananiachia kwa Sh4,000 tu. Nilipoomba nimege chembe niijaribu, akakataa katakata. Eti nitaharibu mali. Nikalipa, na kichwani tayari nilikuwa nanunua pikipiki.

Jioni nikamwonyesha mzee mmoja aliyezeekea machimboni. Akamega chembe, akaiweka juu ya chuma, akaigonga nyundo mara moja. Pa! Ikawa unga mweusi.

"Kijana, dhahabu haivunjiki," akaniambia. "Dhahabu hulala."

Wee! Pikipiki ikayeyuka hapo hapo.

Dhahabu ni laini. Ukiigonga hutandazika kama donge la chapati. Gramu moja inaweza kufuliwa ikawa karatasi ya karibu mita moja mraba. Changu kilikuwa pairaiti, mchanganyiko wa chuma na salfa. Hung'aa vizuri tu, lakini ukikigonga kinasambaratika.

Tangu siku hiyo, kabla ya kutazama rangi ya jiwe, natazama lilipovunjika. Rangi hudanganya. Ndani ya madini mengi chembe zimejipanga kwa safu, na pale safu ziliposhikana kwa ulegevu ndipo jiwe hupasukia.

Chukua ulanga. Hubanduka karatasi karatasi, hata kwa ukucha, kama chapati ya tabaka. Kalsaiti nayo hutoa visanduku vilivyoinama upande. Vunja kimoja, utapata vingine vidogo vya umbo lile lile. Feldispa hupasuka kwa nyuso bapa zinazokutana karibu pembe mraba, na ukiligeuza jiwe juani nyuso hizo humweka kama kioo.

Kwatzi mara nyingi huchanganywa na feldispa kwa sababu zote zaweza kuwa nyeupe. Lakini kwatzi haina bapa. Huvunjika kama chupa, ikiacha mbonyeo wenye mistari iliyopinda kama ganda la kombe. Obsidiani, kioo cha volkeno, huvunjika hivyo pia, na kingo zake hukata kama wembe. Watu wa kale walilijua hilo: nenda Kariandusi, karibu na Gilgil, ujionee mashoka yao ya mawe.

Lakini usikimbilie nyundo kila mara. Savoraiti, kito cha kijani cha Taita Taveta kilichopewa jina la Tsavo, huvunjika kama chupa, na kipande cha chupa ya kijani vilevile. Ukigonga hutajua lolote, na kama ni kito halisi umejitia hasara. Hapo mpelekee mtaalamu wa vito. Na ukigonga jiwe lolote, kinga macho.

Pia, biashara ya madini inahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini ya 2016. Sikujua. Nilichojua ni bei tu.

Unga wangu bado nauhifadhi kwenye kichupa. Hunikumbusha kwamba jibu nilikuwa nalo kabla sijatoa pesa. Dhahabu iliyogongwa nyundo bado ni dhahabu, wala uzito haupungui. Muuzaji anayeogopa chembe moja igongwe anajua anachouza. Wewe ondoka.