Mzinga wa baharini uliopita Makanya

Pale Fort Jesus, Mombasa, ipo mizinga miwili ya manowari. Mmoja ni wa Königsberg, meli ya Wajerumani. Mwingine ni wa Pegasus, meli ya Waingereza iliyozamishwa na hiyo Königsberg. Mahasimu wamewekwa mahali pamoja, na watalii wanaiegemea na kupiga picha.

Lakini ulionikaa kichwani ni mwenzao ambao haupo pale: mzinga wa Königsberg uliopiga Kahe, chini ya Kilimanjaro, Machi 1916, kisha Wajerumani wakaulipua wenyewe walipokuwa wanakimbia. Mzinga wa meli, Kahe! Chuma cha namna hiyo hakipandi huko kwa miguu. Njia ilikuwa reli ya Tanga, na reli ya Tanga inakatiza Makanya.

Mzee niliyemfuata Makanya alistaafu kwenye gengi la reli. Ujana wake wote ulikwisha kati ya Same na Mkomazi, akibadilisha mataruma na kushindilia kokoto kwenye jua la tambarare hii. Nilimweleza habari ya mzinga. Hakuuliza vita ilikuwa ya nani.

“Urefu gani?”

Nikamwambia mtutu peke yake ni mita nne na sentimita ishirini hivi. Akachukua fimbo yake, tukaenda relini. Akanisimamisha juu ya taruma moja, akaanza kutembea huku akigonga kila taruma kwa fimbo na kuhesabu kwa sauti. Kwenye la sita akageuka.

“Kutoka hapo ulipo mpaka hapa nilipo, mwanangu. Chuma kitupu.”

Uzito je? Tani moja na nusu, nikasema, bila kitako chake. Akatikisa kichwa. Uzito huo si kitu kwa behewa, alisema. Reli hii imebeba mkonge, imebeba jasi, imebeba saruji. Tabu iko kwenye kona. Mzigo mrefu wa duara, usipotiwa kabari na kufungwa minyororo pande zote, treni ikiinama kidogo nao unaanza kutambaa. “Ukishatambaa huurudishi. Unaondoka na behewa, behewa linaondoka na wenzake.” Na kona yenyewe si kitu mbele ya kupakia na kushusha. “Winchi ya kutosha hapo haipo. Mnalaza magogo, mnavuta kwa kamba, mmoja anaimba wengine wanaitikia. Kamba ikikatika, anayeumia ni aliye chini.” Akaninyooshea mkono wa kushoto, kidole cha shahada hakina kucha. Sikuuliza zaidi.

Nikamsimulia mzinga ulikotoka. Königsberg iliingia Dar es Salaam Juni 1914, na watu wa pwani wakaiita Manowari na Bomba Tatu. Mwisho wa Julai, Waingereza wakiwa na meli tatu nje ya bandari, Pegasus ikiwa mojawapo, nahodha wa Königsberg, Max Looff, aliwaponyoka. Alfajiri ya Jumapili, Septemba 20, akaikuta Pegasus ya Kamanda John Ingles bandarini Unguja, imezima mitambo ili itengenezwe. Alianza kupiga kutoka umbali wa kilomita nane hivi. Pegasus ikajibu, risasi zake zikaishia majini. Waliokufa ni 38, waliojeruhiwa 55, na makaburi yapo kisiwani Chapwani. Wajerumani walisema Pegasus ilipandisha bendera nyeupe. Waingereza wakapenda kusimulia habari ya askari waliopokezana kuishika bendera yao kwa mikono baada ya mlingoti kupigwa. Yawezekana yote mawili yalitokea, kila upande ukachagua la kukumbuka.

Julai 11, 1915, Königsberg nayo ilikwisha, ndani ya mikono ya Rufiji. Mizinga yake kumi ikatolewa, ikaburutwa na mamia ya watu hadi Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu, ikatawanywa nchi nzima. Looff alinusurika. Ingles alinusurika.

Hapo mzee alicheka, nami nikamwongezea kisa cha Wamarekani. Machi 22, 1820, huko Bladensburg, karibu na Washington, maofisa wawili wa majini, Stephen Decatur na James Barron, walisimama hatua nane mmoja kutoka kwa mwenzake, kila mtu na bastola. Chanzo kilikuwa aibu ya mwaka 1807: Barron alisalimisha meli yake, Chesapeake, kwa Waingereza wa meli ya Leopard, na mahakama ya kijeshi, Decatur akiwemo, ikamsimamisha kazi miaka mitano. Walifyatua, wote wawili wakaanguka. Decatur alikufa usiku uleule. Barron alipona, akaishi hadi 1851.

“Hao nao wana wazimu,” mzee alisema, “lakini wazimu wa adabu. Hawakumwita mtu awabebee.”

Nilijaribu kumtetea Looff: vita ni kazi, alitumwa. Hakunijibu. Mawazo yake yalikuwa yamesharudi kwenye behewa. Mei 1916, Wajerumani walipoachia Same wakishuka na reli kuelekea Mkomazi, waliing’oa njia nyuma yao. Hilo lilimuudhi kuliko Pegasus. Kung’oa reli ni siku moja, alisema, kuilaza mpaka treni ipite bila kucheza ni miezi, na anayeilaza si yule aliyeing’oa. Mwaka 2019, treni ya abiria iliporudi kwenda Moshi baada ya miaka mingi ya ukimya, ilipita juu ya njia ambayo vijana walikuwa wameifyeka upya.

Akaniuliza kama nimeona karatasi. Karatasi gani? Kila mzigo wa reli una hati, alisema, hata mbuzi mmoja: umetoka wapi, unakwenda wapi, umepokelewa na nani. Stesheni masta hapitishi kitu bila hati, awe Mjerumani, Mwingereza au Mtanzania.

“Sasa pale penye aina ya mzigo,” alisema, “waliandika nini? Na penye majina ya wapakiaji?”